Msumari wa Thelathini na Moja

Siku ya nne baada ya mazishi Mama Taa alirudi kazini, na watu wakashika vichwa. Mjane wa siku nne! Udongo wa kaburini haujakauka viatuni, yeye huyo dirishani anagawa taa. Wengine walisema ana roho ya jiwe, wengine wakanong'ona kwamba labda hakumpenda mume wake. Walikosea wote. Alirudi kwa sababu nyumbani kila aliyeingia alimkazia macho akisubiri alie, kilio hakikuja, na alikuwa amechoka kuwaangusha wageni.

Wala hakuwa anajikaza, hilo lieleweke mapema. Mtu anayejikaza ana kitu ndani anachokizuia. Yeye ndani hakukuwa na kitu cha kuzuia. Alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa vibaya. Alikunywa chai ya moto mpaka ulimi ukababuka, akaja kugundua kesho yake alipokuwa anapiga mswaki. Mama yake alimwambia, "Mwanangu, lia, utapasuka," naye akajibu, "Sawa, mama," kama mtu aliyeambiwa afunge mlango.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Zamu ya mchana ya mgodi ilikuwa na watu arobaini na wawili, na kila mmoja alikuwa na taa yake ya kabaidi yenye namba iliyogongwa ubavuni. Taa za betri zilishajaribiwa. Zilikuja kwa mbwembwe, zikaingia maji, zikafa zote ndani ya mwezi, watu wakarudi kwenye kabaidi kimyakimya. Kabaidi ni mawe ya kijivu, ukiyaona utadhani kokoto za barabarani. Sehemu ya chini ya taa unaweka mawe, ya juu unaweka maji, unalegeza kishikio kidogo, tone linaangukia mawe, mawe yanachemka na gesi inatoka. Mhandisi aliiita asetilini. Wengine waliiita gesi tu, ikatosha. Unaziba sahani ya taa kwa kiganja gesi ijae, unasugua kigurudumu cha cheche, pah! Mwali mweupe unasimama kwenye tundu jembamba kuliko la sindano.

Asubuhi Mama Taa alizijaza na kuzigawa. Alasiri alizipokea, akamwaga uji mweupe uliobaki ndani, akazibua matundu kwa waya mwembamba, akatundika kila taa kwenye msumari wake. Ubao wa misumari ulichukua ukuta mzima nyuma yake. Msumari mtupu, mtu yuko chini. Msumari una taa, mtu amepanda. Hakukuwa na kitabu cha kuandika. Kulikuwa na misumari arobaini na miwili, na mdomo wa Mama Taa.

Mdomo huo ndio aliokuwa akiutegemea Mzee Baruti. Huyu ndiye alikuwa mlipuaji wa mgodi, na jina lake halisi nadhani hata mwajiri alishalisahau. Kila siku mwisho wa zamu alitega baruti kwenye mwamba, akapanda juu akivuta nyaya zake, na kabla hajagusa mpini wa mashine ya kulipulia alipita dirishani. Kwa sheria alitakiwa aulize, "Taa zimetimia?" Lakini mtu akiuliza swali moja miaka kumi na miwili, lazima litachakaa. Kwa hiyo aliegemeza viwiko dirishani na kusema, "Shemeji, kuku wote wamerudi bandani?"

Naye alimjibu, "Wote, hata jogoo."

Jogoo alikuwa mume wake, namba thelathini na moja. Walimwita hivyo kwa sababu kila asubuhi alisimama getini akiwawikia wachelewaji, kokorikoo, bila aibu, mtu mzima na mvi zake mbili tatu. Mzee Baruti alimchukulia kama mdogo wake wa kuzaliwa, ndiyo maana mkewe akawa shemeji. Si mzaha wa kuvunja mbavu, kwa kweli. Ila watu wawili wakishazoeana kwa mzaha, ukikosekana siku moja wanaona mchana haukwisha vizuri.

Sasa, siku moja mwamba ukalipuliwa Jogoo akiwa chini. Ilikuwaje?

Siku hiyo watu walianza kupanda saa tisa na nusu. Mama Taa alipokea taa moja moja, akamwaga, akatundika, akamwaga, akatundika. Karibu na mwisho alifika Fupi. Fupi ni mdogo wake Mama Taa, tumbo moja, na aliitwa Fupi kwa sababu alikuwa mrefu kupita milango yote ya mtaani. Aliweka taa ya thelathini na moja dirishani, akasema, "Imeziba, dada," akaondoka mbio kuelekea chooni, kashika suruali, mkojo umembana.

Mama Taa hakushangaa. Alimjua mume wake. Jogoo alipenda kuwa wa kwanza kwenye bomba la kuogea, maana wa mwisho alioga tope la wenzake, na mara nyingi alimsukumia shemeji yake taa ili apate kukimbia. Sheria ilisema kila mtu arudishe taa yake kwa mkono wake mwenyewe. Mama Taa aliishika sheria hiyo kwa watu wote, na ole wake aliyejaribu kuivunja, angetukanwa mpaka mababu. Lakini hawa walikuwa mume wake na mdogo wake. Angewasimamisha vipi kwenye foleni kama wageni?

Basi aliitundika taa ya thelathini na moja, akafungua kichwa cha ile taa, akashika waya, akaanza kuzibua tundu. Zilikuwepo taa nyingine zilizoziba siku ile, tatu au nne. Alianza na hii kwa sababu ilikuwa ya Jogoo, na hakutaka kesho ashuke na taa ya kusuasua. Kwa pembe ya jicho aliona msumari mmoja mtupu, wa arobaini. Arobaini ni Fupi. Na Fupi si ametoka kumwona sasa hivi kwa macho yake, anakimbilia choo? Zuzu yule, ataikumbuka taa yake akishamaliza haja.

Viwiko vikatua dirishani. "Shemeji, kuku wote wamerudi bandani?"

Hakuinua kichwa. Waya ulikuwa umeshaingia nusu. "Wote, hata jogoo."

Ndivyo ilivyokuwa. Watu arobaini na mmoja aliwahesabu kwa taa, mmoja akamhesabu kwa sura, na hesabu ikatimia vizuri kabisa. Ardhi ikatetemeka kama inavyotetemeka kila siku. Makopo ya kabaidi yakagongana kwenye rafu. Akapuliza tundu, hewa ikapita safi, akafurahi. Hiyo ndiyo furaha yake ya mwisho, na ameikumbuka mara nyingi tangu hapo: alifurahi.

Kisha Fupi akarudi anafunga vifungo. "Dada," akasema, "shemeji keshapanda?"

Mambo ya chini yalikuja kueleweka baadaye, na hayana fumbo. Walipofika chini ya ngazi, taa ya Jogoo ilizimika. Papo hapo akakumbuka kwamba ameacha kopo la kabaidi kule ndani, kwenye njia ya pembeni panapochuruzika maji, ambako Mzee Baruti hakupita akipanda. Kopo hilo huwezi kuliacha. Likiingia maji linajaza njia nzima gesi, na kesho yake mtu wa kwanza kusugua cheche anakwenda na wenzake. "Nipe taa yako nikalichukue," alimwambia Fupi. "Dada yako akiona kopo halijarudi ataninyonga." Alicheka aliposema hivyo. Fupi alimpa taa yake ya arobaini, akapokea ile iliyozimika, akapanda kwa mwanga wa wenzake akijua Jogoo yuko nyuma yake, dakika mbili tatu tu.

Walimtoa kesho yake asubuhi. Walimfunika uso, kwa sababu uso haukuwa wa kuonyesha watu, na mkononi bado alikuwa ameng'ang'ania taa. Mmoja wa wachimbaji akaisoma namba kwa sauti: "Arobaini!" Mama yao Fupi na Mama Taa, aliyeijua namba hiyo kuwa ya mwanawe, akapiga yowe la kumlilia Fupi, akaanguka chini, na Fupi mwenyewe amesimama nyuma yake na koleo mkononi, mzima. Watu wakamwinua mama, wakamgeuza amwone mwanawe. Katika vurumai hiyo hakuna aliyemwangalia Mama Taa. Yeye aliangalia ile namba, akaona ubao wake wote, msumari kwa msumari, na ganzi ikaanzia vidoleni ikapanda.

Basi siku zikaenda. Alifanya kazi vilevile. Siku moja mchimbaji mmoja aliingiza kichwa dirishani, akakunja pua, akapiga kelele, "Mama Taa! Kopo linavuja humo, hunusi?" Gesi ya kabaidi ina harufu kali ya kitunguu saumu kilichooza, hata mwenye mafua anaisikia. Yeye alikuwa amekaa nayo asubuhi nzima. Akalifunga kopo, akasema ahsante.

Na mtaani kesi ilishahukumiwa. Fupi alikiri kosa lake la kubadilishana taa, akafukuzwa kazi, akakaa nyumbani anaangalia dari. Lakini kosa la Fupi, watu walisema, lingegunduliwa. Msumari wa arobaini ulikuwa mtupu, sivyo? Mama Taa angeuona, na Mama Taa hakosei, miaka yote hiyo hajakosea hata siku moja. Kwa hiyo Mzee Baruti hakuuliza. Amezeeka, amezoea, alipitiliza akaenda kubonyeza mpini. Walikoma kumsalimia. Mtu alimwagia maji machafu mlangoni. Leseni yake ilichukuliwa, na ilijulikana wazi kwamba watu wa uchunguzi wakishaandika neno "hakuuliza", polisi watamfuata na atamalizia uzee wake jela.

Mama Taa aliyasikia yote hayo kupitia dirishani. Hakuna aliyemuuliza kitu. Nani atamsumbua mjane?

Jioni ya kuamkia uchunguzi, Fupi alikuja kwake, akainama mlangoni kama kawaida yake, akakaa kwenye kiti cha Jogoo, akashtuka, akahamia kwenye ndoo.

"Dada, kesho hawajakuita."

"Najua."

"Basi usiende. Mimi nimeshakula changu. Mama ana sisi wawili tu. Wewe ukitoka pale dirishani, au wakikufunga, atakula nini? Atakufa kwa presha."

"Mzee aliuliza," Mama Taa akasema.

Fupi alikwangua ndoo kwa ukucha. "Najua aliuliza," akasema. "Kila siku anauliza. Lakini mwenyewe hasemi, dada. Juzi nilimfuata nikamwambia, Mzee, sema basi. Akaniambia nimwache. Kama mwenyewe ameamua kubeba, mwache abebe."

Mama Taa alijaribu kuona kama maneno hayo yanamuuma. Hayakumuuma. Akampakulia mdogo wake chakula, wakala, akasahau kutia chumvi, na Fupi akala hivyohivyo.

Uchunguzi ulifanyika kwenye ofisi ya mgodi, jengo la mbao lenye dirisha moja. Walikuja watu watatu: mwenyekiti mwenye miwani, mwanamke mmoja aliyekuwa anakohoa, na karani. Mama Taa alikwenda, wala hakujua kwa nini. Alikaa kwenye benchi la nje, ameshika waya wake wa kuzibulia, maana alikuwa ametoka nao bila kuona. Sauti zilipenya kwenye mbao kana kwamba hakuna ukuta.

"Mzee, swali ni dogo," mwenyekiti alikuwa anasema. "Kabla ya kulipua, ulipita chumba cha taa?"

"Nilipita."

"Ukauliza?"

Benchi likalia kidogo chini ya Mama Taa.

"Mimi nimezoea kuuliza, mheshimiwa," sauti ya Mzee Baruti ikasema. "Siku zote nauliza. Ila siku ile... labda sikuuliza. Uzee. Akili ilikuwa kwenye nyaya. Niandikeni tu kwamba sikuuliza."

"Una uhakika? Unajua maana yake?"

"Naijua. Yule mama mwacheni, ana msiba."

Ukimuuliza Mama Taa leo kilichomwinua, hatakwambia ni huruma, wala hasira, wala dhamiri kumsuta. Hakuwa na hata kimoja cha hivyo. Alichosikia ni kitu ambacho si kweli, kama mtu aliyeona taa imetundikwa kwenye msumari usio wake, na mkono ukaenda wenyewe kuirekebisha. Alisimama, akasukuma mlango, akaingia.

Mwenyekiti alivua miwani. "Mama, pole sana na msiba. Hatukuwa tumekuita."

"Aliuliza," Mama Taa akasema.

"Shemeji!" Mzee Baruti akageuka kitini. "Shemeji, nenda nyumbani."

"Aliuliza. Alisimama dirishani akaegemeza viwiko, akaniuliza."

Karani akashika kalamu. Mwenyekiti akauliza, taratibu, "Alitumia maneno gani?"

"Alisema, kuku wote wamerudi bandani?"

Kalamu ikasimama. Yule mwanamke akaacha kukohoa. "Kuku?" karani akasema.

"Ndivyo anavyouliza. Miaka kumi na miwili anauliza hivyo."

"Na wewe ukajibu nini?"

"Nikasema, wote, hata jogoo."

Mzee Baruti alikuwa amefunika uso kwa kofia yake. Mwenyekiti aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, akaona kuna jambo hapo ambalo yeye tu na wenzake hawalijui. "Mama, nisamehe," akasema. "Jogoo ni nani?"

"Mume wangu."

Hakuna aliyeandika. Ilibidi mwenyekiti amguse karani kiwiko.

Aliwaeleza vyote, kwa sauti ileile ya kugawia taa. Msumari wa arobaini ulikuwa mtupu, na aliuona. Taa ya thelathini na moja ililetwa na mtu asiye mwenyewe, naye akaipokea kwa sababu ni ndugu. Watu arobaini na mmoja aliwahesabu kwa taa, mmoja kwa sura. Hakuinua kichwa alipojibu, alikuwa anazibua tundu. Walipomuuliza kama anaelewa kwamba hataweza tena kufanya kazi kwenye chumba cha taa, na kwamba jambo lake huenda likafika mahakamani, akasema anaelewa. Walipomuuliza kama ana la kuongeza, akasema tundu lilizibuka.

Mzee Baruti alilia pale kitini kwa sauti, makamasi na yote, mzee wa watu. Mama Taa alimtazama na kumwonea wivu. Alimwonea wivu wa kweli, wa kutamani kumnyang'anya.

Wakamwambia arudishe ufunguo kabla ya saa kumi. Alikwenda chumba cha taa. Mgodi ulikuwa umefungwa kwa ajili ya uchunguzi, taa zote ziko ukutani, zimekauka. Msumari wa arobaini ulikuwa mtupu bado, maana taa ile waliichukua watu wa uchunguzi. Wa thelathini na moja ulikuwa na taa yake, safi, tundu wazi, kama alivyoitundika siku ile. Hakuna aliyeigusa. Hata yeye alikuwa anaipita kila asubuhi akigawa ya thelathini kisha ya thelathini na mbili.

Aliishusha, akaiweka mezani. Ubao ukabaki na misumari miwili mitupu. Akachukua taa ya akiba isiyo na namba, akaitundika kwenye ule wa arobaini, kwa kuwa Fupi alipanda, yuko nyumbani, anaangalia dari. Akarudi nyuma hatua mbili, akautazama ubao. Msumari mmoja mtupu, wa thelathini na moja. Ndivyo ulivyotakiwa kuwa.

Nyuma yake viwiko vikatua dirishani. Mzee Baruti alikuwa amemfuata, macho mekundu, kofia mkononi.

"Shemeji," akasema, "ungeniachia mimi. Mimi nimeshakula miaka yangu."

"Niulize," Mama Taa akasema.

"Nikuulize nini tena?"

"Unavyoniulizaga. Niulize."

"Shemeji, tafadhali, usinifanyie hivyo."

"Mzee, niulize."

Mzee Baruti aliikunja kofia yake mkononi. Sauti ikatoka, imekwaruza. "Kuku wote... kuku wote wamerudi bandani?"

Safari hii aliinua kichwa. Aliuangalia ubao kuanzia msumari wa kwanza, mmoja mmoja kwa kidole, mpaka wa mwisho, bila haraka, na mzee akamsubiri.

"Bado mmoja," akasema.

Ndipo akalia.